Mwami Rudahigwa: taji na suti katika picha za kale

Mshonaji wa Kigali anayebuni vazi la bwana harusi ana hazina karibu naye. Picha za zamani za Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa zinampa mengi: kitambaa kilichopita begani, fimbo ndefu, taji la shanga lenye manyoya meupe ya mbega. Wengi huishia hapo. Wanazipita zile picha nyingine, ambamo mfalme huyo huyo, mrefu ajabu, amevaa suti na tai.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911, mwana wa Mwami Yuhi wa Tano Musinga, akasoma Nyanza katika shule ya wana wa machifu. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa baba yake, aliyekataa kubatizwa, wakamtawaza yeye. Jina la Mutara alichaguliwa na Askofu Léon Classe. Abiru, watunza siri za ufalme, hawakuhusishwa. Basi haishangazi kwamba watu walimwita mfalme wa Wazungu, na suti ilizidi kuwapa sababu. Mwaka 1943 alibatizwa, na Pierre Ryckmans, gavana mkuu wa Kongo ya Wabelgiji, akawa baba yake wa ubatizo.

Lakini suti haikumfanya kibaraka. Mwaka 1954 alifuta ubuhake, ule mfumo wa mtu kumtumikia mwenye ng'ombe ili apewe ng'ombe. Alianzisha mfuko wa kusomesha vijana, na miaka ya mwisho alidai uhuru waziwazi, jambo ambalo waliomtawaza hawakulitarajia. Aliyevaa kama wao alikuwa amejifunza pia kubishana nao.

Kwa hiyo mbunifu anayechukua taji na kuiacha suti anapata mfalme wa hadithi tu, asiyetawaliwa na mtu. Rudahigwa halisi alivaa vyote viwili, na uzito wa picha zake uko hapo.

Alifariki ghafla Usumbura, sasa Bujumbura, tarehe 25 Julai 1959, akiwa na miaka 48, baada ya kutibiwa na daktari Mbelgiji. Wanyarwanda wengi waliamini kuwa ameuawa. Hakuacha mtoto, na miaka miwili baadaye ufalme wenyewe ulifutwa. Amezikwa Mwima, Nyanza, kilomita zipatazo 90 kutoka Kigali, karibu na ikulu yake ambayo leo ni makumbusho.