Madam C.J. Walker: Dobi aliyeuza ujuzi pamoja na kopo la mafuta

Jumapili mchana katika nyumba nyingi za Bunju utamkuta mama ameketi juu ya kigoda, binti yuko chini mkekani, na kopo la mafuta ya nazi liko pembeni. Anamchana, anamtenga mistari, anamsuka kwa ajili ya shule ya Jumatatu. Kazi hiyo haina risiti, lakini kitana kimenunuliwa kwa mmachinga, mafuta yametoka dukani, na nazi yenyewe ilitoka shambani kwa mkulima fulani. Hiyo ni biashara. Zaidi ya miaka 100 iliyopita mwanamke mmoja Mweusi wa Marekani aliiona biashara hiyo mapema kuliko wengi. Maisha yake yana la kumfundisha mfanyabiashara mdogo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa Desemba 23, 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, katika shamba la pamba. Wazazi wake walikuwa watumwa kwenye shamba hilo hilo, na yeye ndiye mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Uhuru huo haukuja na ardhi. Akiwa na miaka saba alikuwa yatima. Aliolewa akiwa na miaka 14, akamzaa mtoto wake wa pekee, Lelia, mwaka 1885, na alipofikisha miaka 20 mumewe akafariki.

Akamchukua mtoto na kuhamia St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko alifanya kazi ya udobi, akifua nguo za watu kwa ujira wa takriban dola 1.50 kwa siku. Kutokana na ujira huo alimsomesha Lelia.

Katika miaka hiyo nywele zake zilianza kukatika na kunyonyoka. Hakuwa peke yake. Nyumba za maskini hazikuwa na bomba la maji, watu waliosha vichwa mara chache, na wengi walisumbuliwa na mba na vidonda vya ngozi ya kichwa. Akajaribu dawa za madukani, kisha akawa wakala wa Annie Turnbo, mwanamke Mweusi aliyekuwa tayari anauza dawa ya kukuza nywele mjini humo.

Mwaka 1905 alihamia Denver, akawa mpishi huku akiuza dawa za Turnbo. Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua mambo ya matangazo ya magazeti, na kuanzia hapo akajiita Madam C.J. Walker. Akaanza kuuza dawa yake mwenyewe. Jambo hilo lilizua uhasama wa muda mrefu kati yake na Turnbo, na ni haki kusema kwamba Turnbo alitangulia sokoni. Pia si kweli kwamba Madam Walker alivumbua kitana cha chuma cha kupasha moto. Vifaa vya namna hiyo vilikuwapo Ulaya kabla yake.

Basi, alileta nini? Tuanze na kopo lenyewe. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, nta ya nyuki na salfa, pamoja na manukato. Mkulima wa korosho anaijua salfa, maana ndiyo anayopulizia mikorosho kuzuia ubwiri unga. Nayo salfa ina sifa ya kupambana na maradhi ya ngozi, ikiwa imetengenezwa kwa kazi hiyo. (Tahadhari: salfa ya shambani isipakwe kichwani.) Hakuna kitu cha ajabu katika orodha hiyo. Mtu yeyote angeweza kuvinunua na kuvichanganya.

Tofauti ilikuwa katika namna ya kuuza. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alizunguka majimbo ya kusini, nyumba kwa nyumba na kanisa kwa kanisa. Alimwosha mteja kichwa mbele ya majirani, akamwonyesha jinsi ya kusafisha ngozi, kupaka dawa na kuchana kwa kitana cha moto, na mwisho ndipo akauza kopo. Mteja alibaki na ujuzi wa kujihudumia nyumbani, na kopo lilipokwisha aliagiza jingine kwa posta.

Kisha akapiga hatua ya pili. Mwaka 1908 yeye na Lelia walifungua chuo huko Pittsburgh cha kufundisha wanawake kazi hiyo. Mwaka 1910 akahamia Indianapolis, mji ambao reli nyingi zilikutana, akajenga kiwanda mahali ambapo mzigo ungesafirishwa kwa urahisi. Mwaka 1911 kampuni ikasajiliwa. Mumewe aliona biashara imetosha ilipofikia, yeye hakuona hivyo. Walitalikiana mwaka 1912.

Mwaka huo huo alihudhuria mkutano wa wafanyabiashara Weusi ulioongozwa na Booker T. Washington. Hakupewa nafasi ya kuzungumza, akasimama mwenyewe siku ya mwisho na kueleza alivyotoka shamba la pamba na beseni la kufulia hadi kumiliki kiwanda. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wazungumzaji walioalikwa.

Maelfu ya wanawake waliokuwa madobi na wapishi wakawa mawakala wake. Mwaka 1917 aliwakusanya zaidi ya 200 huko Philadelphia. Alitoa zawadi kwa waliouza sana, na pia kwa waliochangia zaidi misaada katika jamii zao. Yeye mwenyewe alichangia mapambano dhidi ya mauaji ya watu Weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu bila hukumu ya mahakama.

Alifariki Mei 25, 1919 katika nyumba yake kubwa huko Irvington, karibu na New York, akiwa na miaka 51. Wengi humwita milionea, ingawa hesabu ya mirathi ilionyesha mali ya takriban dola 600,000. Kwa mtu aliyefua kwa dola 1.50 kwa siku, hiyo haipunguzi kitu.

Msomaji wa Bunju ajiulize maswali mawili. La kwanza ni la mkulima. Nazi tunazo, na nta ya Tabora inasafirishwa nje, lakini thamani kubwa huongezeka pale mazao yanapoingia kwenye kopo lenye jina. La pili ni la mwenye duka. Anayeuza kopo la mafuta bila maelezo hushindana kwa bei peke yake, na jirani akipunguza shilingi 100 mteja anahama. Anayemfundisha mteja kuosha, kupaka na kuchana ili nywele zisikatike, huyo mteja atarudi, na kesho atamleta dada yake.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa mtaji wa kujaza rafu, tenga Jumamosi moja, weka kigoda na beseni la maji mbele ya duka, na umwonyeshe mteja mmoja.