Maisha ya Mekatilili wa Menza



Katika taarifa ya mwaka huu tumeonelea vema kumkumbuka mama mmoja wa Wagiriama, ambaye hakuwa na cheo cha serikali wala mali, lakini alisikilizwa na nchi nzima.

Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipozaa aliitwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili.

Zamani Wagiriama walikaa pamoja katika Kaya Fungo, ndani ya msitu. Baadaye walitawanyika kutafuta mashamba, hata wakavuka Mto Sabaki, na Kaya ikabaki karibu tupu. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza, kwa mkono wa Bwana Arthur Champion, ilidai kodi na vijana wa kazi. Watu walichukizwa, lakini kila mtu alinung'unika nyumbani kwake.

Mekatilili, naye ni mjane mtu mzima, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walipokusanyika aliwahutubia kwa lugha yao, akawaita warudi Kaya. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatatoa vijana wala kushirikiana na serikali.

Mnamo Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Mzee Wanje wa Mwadori, wakapelekwa Kisii, mbali sana na kwao. Januari 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti serikali iliibomoa Kaya kwa baruti, na vita vikaanza. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, mbuzi wakatwaliwa, na waliokaa ng'ambo ya Sabaki wakaamriwa kuhama. Mekatilili alikamatwa tena, asifunguliwe mpaka mwaka 1919.

Aliporudi hakutafuta makao mapya, bali alikwenda kukaa Kaya ile ile iliyobomolewa, yeye na Wanje. Alifariki katika miaka ya 1920. Mwaka 2008 misitu ya Kaya za Wamijikenda, pamoja na ya Wagiriama, iliandikwa katika urithi wa dunia.

Ndugu wanachama, baruti ilivunja Kaya kwa siku moja, lakini kabla yake ilikwisha kudhoofishwa na watu kutokwenda. Basi mwenye kuitwa mkutanoni na asije, na ayatafakari haya.