Muyaka bin Haji: Malenga Aliyehifadhiwa na Waaminifu

Wahenga walinena kwamba mtu ni watu. Atakaye kuupima ukweli wa kauli hii katika fasihi yetu na ayatazame maisha ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa aliyezaliwa yapata mwaka wa 1776.

Muyaka aliinukia zama ambapo Mombasa ilitawaliwa na Wamazrui. Alikuwa sahibu wa Liwali Abdallah bin Ahmed, aliyekataa kuwa chini ya Omani. Usuhuba huo ulimpa nafasi adhimu: tungo zake zikawa sauti ya mji, hususan katika majibizano na washairi wa Lamu enzi za vita vya Shela. Hata hivyo, hakuishia barazani pa wakubwa. Alitunga pia kuhusu mapenzi, ndoa, njaa na ukata, hata wahakiki wakamsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni.

Lakini urafiki wa watawala hudumu kadiri utawala unavyodumu. Mnamo 1837 Seyyid Said aliwaangusha Wamazrui, na yapata 1840 Muyaka naye akafariki. Hakuacha diwani iliyochapishwa. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu wa kawaida waliyoyapenda.

Hapo ndipo alipotokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Aliyakusanya mashairi hayo kwa wazee, akayaandika kwa hati za Kiarabu na kumfafanulia William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa Mombasa. Ni muhali kufikiri kwamba wazee wangemkunjulia nyoyo mtu wasiyemwamini. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka wa 1890, lakini Taylor aliitunza miswada, ambayo hatimaye ilihifadhiwa London. Mwaka wa 1940 William Hichens akaichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, na mwaka wa 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akachapisha Nairobi utafiti wake mpana kuhusu malenga huyu.

Kila mmoja wao alipokea kisicho chake, akakikabidhi kwa wengine kikiwa na jina la mwenyewe. Hiyo ndiyo maana ya amana.

Basi nasi tunaokwenda nyanjani na vinasa sauti tuzingatie jambo hili. Mzee atughaniaye shairi hutukabidhi amana. Tukilinakili tukalisahau jina lake, tutapata shahada, ila tutakuwa tumeukata mnyororo uliotufikishia Muyaka.