Mbona Freddie Mercury alikataa kung'olewa meno

Beste yangu mmoja huimba kwaya, na wikendi huitwa kuimba harusini. Mwaka huu aliamua kuwekwa waya za meno, kitu alichotamani tangu akiwa shule ya upili. Daktari akampiga eksirei, akaitazama, kisha akamwambia kwamba kwanza meno manne yatoke ndipo waya zifuate. Jamaa alitoka hapo akisema ataenda kufikiria. Wiki zikapita. Nilipomuuliza mbona amekwama, hakunijibu kwa maneno. Alinitumia picha ya Freddie Mercury jukwaani, mdomo wazi, meno yote nje.

Ujumbe niliupata. Freddie hakung'oa, na tazama sauti aliyokuwa nayo. Lakini hiyo stori wengi wetu tunaijua nusu, kwa hivyo hebu tuisimulie yote.

Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Septemba 5, 1946, Unguja. Naam, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ni mtoto wa Zanzibar, na leo katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Babake, Bomi, alikuwa keshia katika mahakama kuu enzi za Waingereza. Yeye na mkewe, Jer, walikuwa Waparsi, waumini wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Gujarat, India. Baadaye walipata binti, Kashmira.

Farrokh alipofika umri wa miaka minane, wazazi walimpeleka shule ya bweni huko Panchgani, mji wa milimani kusini mashariki mwa Bombay, ambayo siku hizi ni Mumbai. Hebu waza, mtoto wa miaka minane anavuka bahari nzima, na wazazi wake atawaona mara chache sana. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Huko alijifunza piano, akaunda bendi na wenzake, The Hectics, yeye akiwa kwenye kinanda. Na ni huko huko alikobandikwa jina jingine ambalo hakulipenda hata kidogo: Bucky. Kwa Kiingereza, hilo ni jina la kumcheka mtu ambaye meno yake ya mbele yamechomoza.

Tatizo lenyewe lilikuwa nyuma ya hayo meno ya mbele. Mtu mzima huwa na meno 32, ukihesabu na magego ya mwisho. Freddie alikuwa na manne ya ziada. Chukulia matatu ya abiria 14 iliyopakia 18. Gari halijapanuka, watu ndio wameongezeka, na wa mbele lazima wabanwe mpaka wagusane na kioo. Ndivyo mdomo wake ulivyokuwa. Meno ya ziada yalijaza nafasi, na ya mbele yakasukumwa nje.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini madaktari hutaka kung'oa kabla ya waya. Waya haiongezi nafasi nyingi. Kazi yake ni kuyavuta meno polepole hadi yakae mstari mmoja, na kama taya limejaa, jino litavutwa liende wapi? Kwa mtu mwenye meno ya ziada, hayo ndiyo huondolewa. Kwa mtu mwenye meno ya kawaida lakini taya dogo, mara nyingi hutolewa yale yaliyo nyuma tu ya chonge, moja kila upande, juu na chini. Ndiyo maana wengi huambiwa manne.

Freddie alirudi Unguja mwaka wa 1963. Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na familia ya Bulsara, kama nyingine nyingi, ikakimbia. Walifikia Feltham, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17. Maisha yakaanza upya. Alisomea uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka wa 1969. Hela zilikuwa haba, na kwa muda alikuwa na kibanda cha kuuza nguo katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Hasla ya kawaida tu.

Mwaka wa 1970 aliungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May. Jina la Queen lilitoka kwake, na hata nembo ya bendi aliichora yeye. Akaiacha Bulsara, akawa Mercury. Mwaka uliofuata John Deacon akaingia na gitaa la besi. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1973. Mwaka wa 1975 wakaachia Bohemian Rhapsody, kibao cha karibu dakika sita wakati redio zilikuwa zimezoea nyimbo za dakika tatu. Kilikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa.

Sasa hapa ndipo stori ya meno inapokuwa tamu na chungu kwa pamoja. Akiwa mvulana wa bweni, au kijana wa kuuza nguo sokoni, ungesema hana uwezo. Lakini baada ya 1975 angemlipa daktari yeyote wa meno London bila kuhesabu chenji. Bado alikataa. Sababu yake ilikuwa moja: aliamini kwamba mdomo wake mpana, pamoja na hayo meno ya ziada, ndio ulioipa sauti yake nguvu na upana. Aliogopa kwamba akiyagusa, sauti itabadilika. Na sauti ndiyo ilikuwa kila kitu chake.

Usidhani basi kwamba aliyapenda meno yake. Hapana. Waliomfahamu wamesimulia jinsi alivyokuwa akifunika mdomo kwa mkono anapocheka, au kuuvuta mdomo wa juu uyafiche meno. Ukitazama mahojiano yake ya zamani utaliona jambo hilo mara kwa mara. Mtu aliyesimama mbele ya maelfu akiwa kifua wazi alikuwa anaona haya kucheka mbele ya kamera moja. Lile jina la Panchgani halikubaki Panchgani. Alipofuga masharubu mwaka wa 1980, wapo waliosema anaficha meno, ingawa hiyo pia ilikuwa fasheni ya miaka ile.

Je, alikuwa sahihi kuhusu sauti? Sauti huanzia kooni, pale nyuzi za sauti zinapotetemeka hewa ikipita. Mdomo, ulimi na kaakaa huipa umbo. Meno husaidia zaidi kutamka herufi kama s na f. Mwaka wa 2016 watafiti kutoka Ulaya walichapisha uchunguzi wa rekodi zake. Waligundua kwamba alipozungumza, sauti yake ilikuwa nzito ya kiume ya kati, japo wengi tunamkumbuka kwa noti za juu. Pia walipima mtetemo wa sauti yake alipoimba, wakakuta ni wa kasi kuliko ilivyo kawaida kwa waimbaji. Maelezo yao yalihusu yanayotendeka kooni. Hakuna palipothibitishwa kwamba siri ilikuwa meno manne.

Lakini mimi siwezi kumcheka. Mwimbaji hana ala ya akiba nyumbani. Gitaa likivunjika unanunua jingine, koo na mdomo hununui. Julai 13, 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, Queen walipewa dakika zisizozidi 21 hivi mbele ya watu wapatao 72,000, na Freddie akawafanya wote waimbe naye. Miaka miwili baadaye alirekodi Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, gwiji wa opera kutoka Uhispania. Mtu wa namna hiyo, nani angethubutu kumwambia jaribu tu tuone?

Mwaka wa 1987 aliambiwa ana UKIMWI. Aliendelea kurekodi hata mwili ulipodhoofika. Novemba 23, 1991, alitangazia dunia hali yake, na jioni iliyofuata akaaga dunia nyumbani kwake Kensington akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yalifuata taratibu za dini ya wazazi wake. Meno aliondoka nayo yote.

Filamu ya maisha yake ilipotengenezwa na kutoka mwaka wa 2018, mwigizaji Rami Malek alivalishwa meno bandia yaliyochomoza, kwa sababu bila hayo hakuna ambaye angeamini kwamba huyo ni Freddie. Malek akashinda Oscar. Kitu ambacho mwenyewe alikificha kwa mkono maisha yake yote ndicho kilichotafutwa kwanza ili afanane naye.

Nilimpigia beste yangu nikamwambia yote haya. Nikamwambia pia kwamba kesi yake si ya Freddie. Yeye hana meno ya ziada, ana taya dogo. Hakuna atakayegusa nyuzi zake za sauti, ila waya zenyewe huenda zikamfanya atamke s kwa shida kidogo mpaka ulimi uzoee, kwa hivyo asipange kuanza wiki ya harusi. Na sio kila msongamano wa meno hutaka kung'oa. Kuna wakati daktari hupanua kaakaa, hasa kwa watoto, au husaga kidogo tu pembeni mwa meno, au husukuma magego nyuma. Basi amuulize: kwa nini manne, kuna njia nyingine, na uso wangu utakaaje baada ya hapo? Akiona majibu hayajamtosheleza, aende kwa daktari wa pili. Jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Freddie aliwahi kumuuliza daktari maswali hayo. Hilo sikuwa na jibu lake.

Miadi yake ni Alhamisi. Akirudi na mapengo manne nitampikia uji. Akirudi nayo yote, pia sawa. Nachotaka ni siku tukicheka asiweke mkono mdomoni.