Grant: Mkusanyaji wa mimea aliyeuguzwa Karagwe

KWA karibu miezi mitano, kuanzia Novemba 1861, Mskoti mmoja aliishi katika himaya ya Karagwe, sehemu kubwa ya muda huo akiwa hawezi kutembea kwa maradhi ya mguu.

Huyo ni James Augustus Grant, aliyezaliwa Nairn, Scotland, Aprili 11, 1827. Alikuwa askari nchini India, na mwaka 1857 alijeruhiwa mkono wa kulia katika vita vya Lucknow.

Mwaka 1860 aliondoka Zanzibar pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Grant ndiye aliyekusanya mimea njiani.

Januari 1862 Speke alitangulia Buganda, akimwacha mwenzake chini ya uangalizi wa Mfalme Rumanyika. Aprili, Grant naye aliondoka, akibebwa kwa machela.

Mimea yake ilihifadhiwa Kew, London, na maelezo yake yakachapishwa na Linnean Society kati ya 1872 na 1875. Alifariki Nairn Februari 11, 1892.

Hata hivyo, tawi lililokaushwa huonyesha spishi tu. Halionyeshi jinsi miti ya spishi moja inavyotofautiana kwa vinasaba. Katika Karagwe, ikiwemo kata ya Kihanga, tofauti hiyo ndiyo riziki ya mkulima wa kahawa.

Robusta, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1897, haijitungishi yenyewe. Ua hukataa chavua ya mti wake, na pia ya mti wenye vinasaba vilevile. Mibuni huchanua siku chache baada ya mvua, na maua hunyauka upesi. Upepo na nyuki hulazimika kuleta chavua ya mti tofauti unaochanua wakati huohuo.

Hivyo shamba lililopandwa vikonyo vya mti mmoja pekee, lisilo na mibuni mingine jirani, laweza kuwa jeupe kwa maua, nyuki wakavuma kutwa, lakini mavuno yakawa haba.

Mashamba ya zamani, yaliyooteshwa kwa mbegu, yalibeba mchanganyiko huo bila kupangwa. Anayeng'oa mibuni ya babu yake ili apande miche mipya hana budi kuuliza kwanza: je, miche hiyo imetoka kwa mama mmoja au wengi?