Daktari wa jicho moja na uvimbe wa taya

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alipohitimu udaktari aliomba kazi Afrika, akakataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ikamleta Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaanza kazi Uganda.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyevimba taya zote, kulia na kushoto. Jino bovu halivimbishi hivyo. Wiki chache baadaye, Jinja, akakuta mtoto mwingine wa aina hiyo hiyo. Ilikuwa limfoma, saratani ya damu inayokua kwa kasi kubwa.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walinunua gari kuukuu, wakazunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika kwa wiki kumi. Waligundua kuwa ugonjwa huu unafuata joto na mvua, kama malaria, na ni nadra kwenye nyanda za juu. Kwetu Rukwa picha hiyo inaeleweka. Sumbawanga mjini iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kuna baridi. Ukiteremka Muze au Ilemba bondeni, au Kasanga na Kirando ziwani, joto na mbu vinakupokea.

Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwepo akisikiliza. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walipata kirusi ndani ya uvimbe huo, ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Leo tunajua kuwa malaria ya mara kwa mara na kirusi hicho huvuruga seli za kinga, na jeni iitwayo MYC huhama mahali pake na kuamuru seli zigawanyike bila kukoma.

Kuna jambo jingine. Askari wa kinga ya mwili wana breki, ili wasitushambulie sisi wenyewe. Baadhi ya saratani huvaa protini iitwayo PD-L1, inayokanyaga breki hiyo. Mwaka 2016 watafiti walionyesha maabara kuwa MYC ikizidi huweza kuongeza protini hiyo. Dawa za kuachia breki zinawasaidia baadhi ya wagonjwa wa limfoma ya Hodgkin, lakini kwa saratani ya Burkitt tiba kuu bado ni kemotherapi.

Tiba hiyo Burkitt mwenyewe aliijaribu Mulago, ambako hapakuwa na mionzi, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Alifariki mwaka 1993.

Mzazi, uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto akivimba taya, meno yakilegea bila sababu, jicho likisukumwa nje au tumbo likijaa haraka, hajarogwa. Usiishie kung'oa jino na kusubiri. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa leo, aandikiwe rufaa kwenda Mbeya au Muhimbili. Akiwahi, ana nafasi nzuri ya kupona.