Gertrude Elion: Mwanakemia Aliyeshinda Bila Uzamifu

Miongoni mwetu wanavyuo, shahada ya uzamifu huchukuliwa kuwa kilele cha elimu, na asiye nayo huhesabiwa kuwa angali njiani. Maisha ya Gertrude Belle Elion, mwanakemia Mmarekani aliyefariki mwaka 1999, yanatulazimu kuitafakari upya imani hiyo.

Elion alizaliwa jijini New York tarehe 23 Januari 1918. Baba yake, daktari wa meno aliyehamia huko kutoka Lithuania, alifilisika uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 1929. Binti alipotimiza miaka 15, babu yake kipenzi alifariki kwa saratani ya tumbo. Hapo ndipo alipoazimia kupambana na maradhi. Alisomea kemia katika Chuo cha Hunter, ambacho hakikumtoza karo, akahitimu mwaka 1937.

Alama zake nzuri hazikumfaa kitu. Aliomba ufadhili katika vyuo vikuu kadhaa, vyote vikamnyima. Maabara moja ilimkataa kwa hoja kwamba mwanamke angewavuruga wanaume kazini. Alikubali kufanya kazi ya maabara bila mshahara, na hatimaye akawa analipwa dola 20 kwa wiki. Akajisomesha: mchana alifundisha shule, usiku na mwisho wa wiki alifanya utafiti, hata akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1941. Mwaka uo huo mchumba wake alifariki kwa maambukizi ya bakteria moyoni, ugonjwa ambao miaka michache baadaye ungetibika kwa penisilini. Elion hakuolewa maishani mwake.

Vita Vikuu vya Pili vilipowaondoa wanaume maabarani, wanawake wakaanza kuajiriwa. Baada ya kupima ukali wa achari katika kampuni ya vyakula, Elion alijiunga na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome mwaka 1944, akawa msaidizi wa George Hitchings. Enzi hizo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha. Wawili hawa walifuata njia nyingine. Walijua kwamba kila seli, ili izaliane, huhitaji malighafi ya kuundia DNA. Je, seli ya ugonjwa ikipewa malighafi ya bandia, inayofanana na ile halisi, haitakwama?

Wakati huo Elion alikuwa akisomea uzamifu usiku. Chuo kilipomtaka aache kazi ili asome kutwa, alichagua maabara. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, wala hakujua kama ungemlipa.

Mwaka 1951 alipata makaptopurini, dawa ya lukemia iliyoidhinishwa mwaka 1953. Watoto walipata nafuu, kisha wengi wao wakaugua tena na kufa, jambo lililomtia uchungu mwingi. Baadaye dawa hiyo ilipochanganywa na nyingine, watoto wengi walianza kupona kabisa. Kutokana na utafiti huo zilifuata azathioprini, iliyowezesha wagonjwa kupandikizwa figo za watu wengine, na alopurinoli ya kutibu jongo.

Kazi yake kuu, hata hivyo, ilihusu virusi. Wataalamu wengi waliamini kwamba virusi haviwezi kuangamizwa kwa dawa bila kumdhuru mgonjwa, kwa kuwa huishi ndani ya seli zake. Kuanzia mwaka 1968 Elion na wenzake walilishughulikia tatizo hilo, na katika miaka ya 1970 wakapata asaiklovia, dawa ya virusi vya hapesi, ambayo pia hutibu mkanda wa jeshi. Siri ya dawa hii ni kwamba katika seli nzima hulala tu bila madhara. Kinachoiamsha ni kimeng'enya cha virusi vyenyewe, na ikishaamka hukatiza uundaji wa DNA yao. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Elion alistaafu mwaka 1983, lakini aliendelea kuwa mshauri. Wenzake aliowafunza ndio waliobainisha kwamba AZT, kemikali iliyoundwa na mtafiti mwingine mwaka 1964, huzuia virusi vya UKIMWI. Iliidhinishwa mwaka 1987, ikawa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo. Baadaye ilitumiwa hapa Kenya pia, hasa kuwakinga watoto wachanga wasiambukizwe na mama zao.

Mwaka 1988 Elion, Hitchings na James Black walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Vyuo vikuu vingi vilimpa shahada za heshima, kikiwemo kile alichokiacha. Alifariki tarehe 21 Februari 1999 huko North Carolina.

Maisha haya hayatufundishi kuidharau shahada. Yeye mwenyewe aliitamani. Yanatuonya sisi tulio vyuoni kwamba milango tunayoilinda kwa fahari huenda ikamfungia nje yule tunayemhitaji zaidi. Elion hakusubiri kufunguliwa. Swali linalobaki ni wangapi waliobisha hodi kama yeye, wasiitikiwe, wakarudi zao.